Mtihani wa nadharia ya udereva: ujibu kwa sheria, Dar utaiendesha baadaye

Juzi usiku nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Mbagala. Amechemka mtihani wa nadharia kwenye mafunzo ya udereva. "Anti, alama zote nimezikariri, hata nikiamshwa usiku nazitaja. Sijui nimekosea wapi." Halafu chini kabisa anauliza kama ni kweli kuna watu wanaomaliza hayo mambo kwa simu. Hilo la simu nitalifikia, tena nitalifikia nikiwa nimekunja sura.

Mnaonifuata siku zote mnajua kwamba leseni yangu ya daraja B ninayo mkononi. Wageni niwasimulie kidogo. Nauza vitenge Kariakoo, nakaa Tabata, na nilikuwa nimeshavuka arobaini nilipoamua kwamba mzigo wangu hautapanda tena bajaji. Nikachukua leseni ya kujifunzia, nikatafuta shule ya udereva. Mambo ya picha, fomu na kupanga foleni nayaruka, kila mtu anayajua.

Shule siitaji jina. Mwalimu wetu alikuwa kijana mdogo, shati limepigwa pasi vizuri, funguo zinazunguka kidoleni. Aliniangalia nilivyokaa katikati ya watoto waliomaliza kidato cha nne juzi, akasema kwa sauti: "Mama, wewe si ungesubiri tu wanao wakue wakuendeshe?" Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ungefanyaje? Lakini moyoni nilimwambia, utanikoma. Mpaka leo nikipita karibu na ile shule nageuza shingo upande wa pili. Watu wataniambia nisamehe. Nitasamehe, haraka ya nini?

Sasa nije kwenye kusoma. Kile kijitabu cha alama tulichopewa kilikuwa fotokopi ya fotokopi. Nyeusi na nyeupe, kurasa nyingine zimepigwa kivuli utadhani zimepita jikoni. Hapo ndipo wengi mnapofia, na nina uhakika binti wa Mbagala naye kafia hapo. Chukua alama ya baiskeli ndani ya duara. Kwenye karatasi ya kijivu ni baiskeli tu na duara lake. Barabarani, duara lenye mzingo mwekundu linakataza, baiskeli haziruhusiwi kupita. Duara la bluu linaamuru, hii ni njia ya baiskeli. Picha ile ile, majibu yanayopingana kabisa, na kijitabu chako kimekunyima kitu pekee kinachozitofautisha.

Nilichofanya, nilimwomba kitinda mimba wangu penseli zake za rangi. Nikakaa sebuleni usiku, napaka. Mzingo mwekundu kwenye pembetatu za tahadhari, wekundu kwenye maduara ya kukataza, bluu kwenye maduara ya lazima. Mwanangu akaniuliza, "Mama, na wewe mna zoezi la kupaka rangi?" Nikamwambia ndiyo, tena letu gumu. Ile kazi ya mkono iliniingiza kitu kichwani kuliko siku zote nilizokuwa nakariri majina. Tangu hapo nikiona alama sikuanza na jina. Nilianza na umbo na rangi: hii inanionya, inanikataza, inanilazimisha, au inaniarifu tu? Ukishalijibu hilo, nusu ya majibu manne waliyokuwekea yamejifuta yenyewe.

Umbo usilidharau. Alama ya kusimama ina pembe nane ili uitambue hata ikiwa na vumbi, hata ukiiona kwa nyuma. Ipo moja nilikuwa naipita kila asubuhi, imebandikwa tangazo la kuvuta maji machafu, namba ya simu imekaa pale pale palipotakiwa kuandikwa amri. Haisomeki neno hata moja. Pembe zake nane zinatosha. Na ile pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini inakutaka umpishe mwenzako.

Kwa hiyo ukipanda daladala, omba kiti cha mbele kwa dereva. Mimi kutoka Tabata hadi Kariakoo, kupita Buguruni, nilikuwa najihoji kila alama na kila mstari. Mstari wa katikati umekatika au haujakatika? Ikiwa ni miwili, ule wa upande wangu unasemaje? Konda alishaanza kunishangaa midomo inavyochezacheza.

Lakini kiti hicho kina sumu yake, na hili ndilo hasa nililotaka kukwambia, mwanangu. Jiji hili linakufundisha majibu yasiyo sahihi. Sisi tuliokulia Dar tunaingia kwenye mtihani tukiamini barabara tunaijua, kumbe tunachokijua ni mazoea ya madereva wetu.

Chukua taa ya njano. Dereva wa daladala akiiona anakanyaga mafuta. Kwenye mtihani, njano inamaanisha simama, isipokuwa umeshafika karibu mno kiasi kwamba kusimama ghafla ni hatari. Kwenye zebra hapa mjini mtembea kwa miguu ndiye anayesubiri huku anaomba Mungu. Kwenye karatasi unampisha yeye. Hazadi, zile taa za kona zikimulika zote kwa pamoja, nusu ya jiji wanaziwasha wakitaka kunyoosha moja kwa moja kwenye makutano. Nami nilizoea kuona hivyo, nikadhani ndiyo sheria! Hazadi ni za kutahadharisha, kwa mfano umeharibikiwa gari. Ukinyoosha huwashi kitu. Kutanua je, yaani kuipita foleni kwa pembeni? Hilo hata halihitaji maelezo, ingawa naona watu wazima na tai zao wakitanua kila jioni.

Kwenye kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, anayetoka kulia kwako na ameshaingia ndiye mwenye haki. Hapa kwetu mwenye haki ni mwenye gari bovu zaidi, maana hana cha kupoteza. Usiandike hilo.

Na lipo lile swali wanalolipenda: taa ni nyekundu, askari wa usalama barabarani anakuita upite, utafanya nini? Mtoto wa Dar hapa ana bahati. Jioni, foleni ikishafunga, trafiki wanasimama katikati ya mataa na tunawafuata wao. Jibu ni hilo hilo, amri ya askari inatangulia taa. Hapa mazoea na sheria vimekubaliana, shukuru.

Mwendo nao una mtego. Maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, basi. Usijibu kwa kukumbuka basi la mkoani lilivyokupeleka nyumbani Krismasi. Mabasi na magari mazito hayatakiwi kuzidi 80 hata yakitoka nje ya mji.

Michoro ya makutano, ile ya gari A, B na C, ilinitesa. Nilimaliza ugomvi nayo dukani, kwa vifuniko vya soda juu ya meza. Mteja hakuna, mimi nasukuma vifuniko. Ukiwa gari B, igeuze karatasi mpaka B aelekee mbele kama ulivyokaa wewe, ndipo ujue kulia kwako ni wapi. Mimi wasimamizi hawakunikataza kugeuza karatasi.

Siku ya mtihani yenyewe haina la kusimulia. Nilifika mapema, nikasoma kila swali hadi mwisho kabla ya kugusa majibu, nikatoka. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa juu ya wale watoto wote. Yule mwalimu akasema, "Hongera, mama." Nikamjibu, "Asante, mwanangu." Nililitamka hilo "mwanangu" taratibu ili limfike vizuri.

Haya, la simu. Hao Kariakoo tunawaita vishoka. Anakuambia ana mtu wake ndani, utume nusu sasa na nusu ukishapata. Jirani yangu wa fremu ya pili alituma, simu ikazimwa mchana ule ule, na hakuwa na pa kulalamika, maana angemwambia nani kwamba alikuwa ananunua leseni? Na tuseme wako ni mkweli, akuletee kadi mlangoni. Utaingia Barabara ya Mandela, lori mbele, bodaboda ubavuni, hujui mstari unakuambia nini. Umebeba watoto wa watu. Mimi na mdomo wangu wote huu, siwezi kukupamba kwa hilo. Kufeli karatasi hakujamuua mtu. Vijana mnapenda mkato halafu mnashangaa ajali, mnasema ni ya Mungu.

Rudi kwa mwalimu wako, umwombe akuonyeshe maswali uliyokosa, moja moja. Usiridhike na alama ya jumla. Pembeni ya kila jibu lako uandike ulilitoa wapi, kwenye kitabu au kwenye daladala. Ukimaliza nipigie picha unitumie, jioni nikifunga duka nitayapitia.