Mwanangu, Mgomvi Wako Hayuko Rombo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na nusu, mdogo mwaka mmoja na miezi minane. Tunaishi Dar es Salaam. Mume wangu ni Mchaga wa Rombo, Kilimanjaro, mimi kwetu ni Songea. Tuna miaka sita ya ndoa, na kila Desemba lazima twende kwao, hakuna mjadala.*

*Mwaka jana nilirudi nimechoka kuliko nilivyokwenda. Siku tano nilikuwa jikoni na mawifi, moshi unanitoa machozi, vyombo haviishi. Mume wangu namwona wakati wa kula tu, muda wote yuko na wazee na wenzake kwenye pombe ya mbege. Mama mkwe hanipendi. Alimnyang'anya mwanangu mkubwa simu akaifungia kabatini mpaka siku tunaondoka. Mdogo alikuwa ananipokonya usiku anakwenda kulala naye, asubuhi nakuta ameshamlisha mtori. Mtoto akaharisha siku mbili, sitasahau. Anawasemesha watoto Kirombo wakati anajua hawaelewi, kisha anasema "hawa wajukuu mnanilelea kama wageni". Na kila mara anasimulia alivyouza ndizi sokoni kumsomesha mwanawe. Najua ni vijembe vyangu hivyo.*

*Kwetu tumekwenda mara moja tu, mtoto wa pili mama yangu hajamwona ila kwenye simu. Mwaka huu nimesema siendi. Nataka Krismasi ya sisi wanne. Nimepata hoteli Bagamoyo yenye bwawa na michezo ya watoto, nimeshalipa nusu. Mume wangu anasema ataondoka tarehe 22 na watoto, nikitaka nibaki. Nimwambieje aelewe kwamba familia yake sasa ni mimi na watoto?*

*Mama Wawili, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu. Kupika kwenye mafiga kwa watu ishirini huku una mtoto anayetambaa ni kazi, na kama hukusikia asante ya mtu mwaka jana, ipokee kwangu.

Sasa tuzungumze. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma namtafuta mama mkwe mbaya uliyeniahidi, simpati. Umesema hakupendi. Mtu asiyekupenda hulala usiku kucha na mtoto wako wa miezi minane? Maana mwaka jana wakati kama huu mdogo wako alikuwa na umri huo, na mtoto wa miezi minane usiku analia, anajikojolea, anataka kubebwa. Bibi wa watu, ambaye mchana kutwa alikuwa na wageni, alikuja mlangoni kwako akamchukua ili wewe ulale. Wewe ukaita kupokonywa. Niambie kweli: usiku tano mfululizo bila kuamshwa, ulizipata wapi tena tangu umzae huyo mtoto?

Na asubuhi unamkuta ameshakula. Mtori, mwanangu, ni ndizi zilizopikwa na nyama zikapondwa mpaka zikalainika. Uchagani ndicho chakula anachopikiwa mzazi aliyejifungua, na mtoto aliyeanza kula hupewa hicho hicho. Umeunganisha mtori na kuharisha kwa sababu ulikuwa unamtafuta wa kumlaumu. Lakini mtoto huyo alikuwa ametoka safari ya zaidi ya kilomita 500, na sijui maziwa yake yalikaa kwenye chupa saa ngapi kwenye joto la Mombo na Same. Umri ule mtoto anatambaa, kila anachokiokota kinaingia mdomoni. Siwezi kukuapia nini kilimuumiza tumbo. Wewe pia huwezi, ila hukumu umeshaitoa.

Simu ya mkubwa nayo. Alikuwa na miaka mitatu na nusu! Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka miwili mpaka minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Bibi yake hakuhitaji kusoma waraka huo. Aliona mjukuu amekaa kwenye kochi ameinamisha shingo, nje kuna migomba, mbuzi, binamu kumi wanakimbizana, akafanya lile ambalo wewe na baba yake mlipaswa kulifanya. Tena hukuniambia kama mtoto alilia siku ya pili na ya tatu. Nadhani hakulia. Angelia, ungeandika.

Vijembe vya ndizi sivioni. Mama aliyebeba mikungu kichwani mpaka sokoni kulipa ada ya mwanawe ana haki ya kusimulia mpaka siku anaingia kaburini. Ile ndiyo hadithi ya maisha yake. Anakusimulia wewe kwa sababu matunda ya zile ndizi umeyachukua wewe, unakaa nayo Dar es Salaam. Badala ya kununa, muulize soko lilikuwa siku gani, alikuwa anaondoka nyumbani saa ngapi, nani alibaki na watoto. Utaona uso wake utakavyofunguka.

Kuna watu mtandaoni wanawacheka Wachaga kila Desemba, wanasema wanakwenda kuhesabiwa. Utani ni utani, lakini wewe umeolewa huko, yakupasa ujue kilicho ndani yake. Ardhi ya mlimani ilishakuwa ndogo siku nyingi. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kiligawanywa kwa wana, wana wakagawia wana, mpaka vijana wakalazimika kushuka kwenda kutafuta maisha Arusha, Dar es Salaam, Mwanza na mbali zaidi. Kinachowafunga pamoja ni lile eneo lenye migomba na makaburi ya wazee wao. Desemba ndiyo wiki ambayo wote wako nyumbani kwa pamoja, kwa hiyo ndipo watoto wanabatizwa, posa zinapelekwa, ugomvi wa mipaka ya kihamba unasuluhishwa, na mbuzi anachinjwa kila nyama ikaenda kwa mwenyewe. Mtoto wa miaka minne haelewi hayo yote, lakini anaona baba yake anavyomwamkia babu mdogo, anaonyeshwa kaburi na kuambiwa huyu ndiye aliyemzaa babu yako. Hayo hayafundishwi kwenye bwawa la kuogelea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe una miaka sita pale nyumbani na bado unajiona kama mgeni, kisha unashangaa bibi akisema watoto wanalelewa kama wageni. Wanamwangalia mama yao! Mama anakaa mlangoni ameshika mkoba, anahesabu siku za kuondoka, watoto watajisikiaje kwao?

Na hii "familia yake sasa ni mimi na watoto" mmeitoa wapi? Naisikia kila mwezi kwenye barua za wasichana wa umri wako. Ndoa za siku hizi mmezifanya kama gari dogo, viti vinne, akiongezeka mtu mmoja mnasema mnabanwa. Krismasi imekuwa ni pajama za kufanana, mti wa plastiki na picha ya kurusha. Halafu mtoto akiugua usiku wa manane, au dada wa kazi akiondoka bila kuaga, nani anapigiwa simu? Mama. Kazi ikiota mbawa, watoto wanapelekwa kwa nani mpaka mambo yakae sawa? Kwa bibi. Hamwezi kumfungia bibi nje Desemba, kisha mkamgongea mlango Machi. Mimi nimelea wajukuu, nayajua machungu ya kuona mtoto wa mwanao anakuogopa kwa sababu mlionana mara moja alipokuwa amefungwa kwenye kanga. Mtoto wa umri huo miezi kumi na miwili ni mingi mno. Analeta uso mpya kila Desemba, na bibi anazo siku tano tu za kumzoea kabla hamjaondoka naye tena.

Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako umeipitisha haraka haraka, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kati ya wote walioniandikia wiki hii. Umesema kwenu mmekwenda mara moja, na mama yako hajamgusa mtoto wako wa pili.

Hapo ndipo penye kidonda. Moshi na vyombo umevivumilia miaka yote hii. Kinachokuuma ni kuona bibi wa Rombo anamlisha mwanao mtori, wakati bibi wa Songea anambusu kwenye kioo cha simu. Kila usiku mama mkwe alipomchukua mtoto, ulikuwa unamwona mama yako aliyenyimwa. Sasa unamnyima huyu ili walingane. Mwanangu, hasira yako ina haki, ila umeipeleka mlima usio wake. Mama mkwe hakuwahi kukuzuia kwenda Songea. Nani alikuzuia? Mume wako, kwa kutokupanga. Na wewe mwenyewe, kwa kunyamaza. Nionyeshe kwenye barua yako ni wapi uliposema, "Baba fulani, mwaka huu twende tukamwone mama yangu." Hapana popote. Ulisema siendi kwenu. Hukusema twende na kwetu.

Halafu kuna pesa ya Bagamoyo. Umesema umeshalipa nusu. Hujasema mume wako anajua, nami nina hakika hajui, kwa sababu mwanamume anayejua hilo angekuwa na maneno mengine kinywani, si tarehe 22 tu. Nauli ya Songea ulikuwa nayo mkononi, mwanangu. Kuna zaidi ya kilomita 900 kati yako na mama yako, na wewe pesa ya kuzimaliza umeilipia bwawa lililo jirani. Ukiwa na uchungu na mama yako, kwa nini pesa haikwenda kwa mama yako? Jiulize hilo peke yako, na usilijibu haraka.

Leo usiku, watoto wakishalala, mwambie mume wako habari ya hoteli. Mwambie kabla hajaikuta kwenye ujumbe wa simu. Waombe watu wa hoteli wakurudishie au wakusogezee tarehe, na wakikataa, hasara hiyo ibebe bila kumtupia yeye. Ukimaliza kusema lako, ndipo uombe lako: likizo ya mwezi wa sita, Songea, nyote wanne, wiki nzima. Huko wakati huo mahindi yanavunwa, kuna baridi, mama yako atakuwa na chakula na nafasi. Apange na kuombea ruhusa kazini mapema kama anavyopanga Desemba. Hilo usikubali kulegeza hata kidogo. Akisema atafikiria, mwambie wewe ulishafikiria kwa miaka sita.

Naye mume, kama barua hii ataonyeshwa, na aonyeshwe: baba, mambo ya wazee yapo na lazima uwepo. Lakini wazee hawakukalii kikao kutoka asubuhi mpaka usiku siku tano. Mke uliyemtoa Ruvuma hawezi kuachwa jikoni na dada zako kama mzigo ulioshushwa stendi. Mpeleke mwenyewe kwa majirani, mtambulishe, mwambie huyu ni nani na yule ni nani. Mwogeshe mtoto mmoja, hata mama yako akikushangaa. Na ile kauli yako ya kuondoka na watoto ukamwacha mama yao Dar es Salaam peke yake siku ya Krismasi, usiirudie. Ni kauli ya kuvunja nyumba.

Jambo moja nasimama nawe mama mtu, na ulisimamie: mbege. Wapo wazee wanaoona ni baraka mtoto kuonjeshwa. Ni pombe, ya ndizi na ulezi lakini ni pombe, na mtoto wa miaka minne haonji pombe. Usigombane na mzee kwa hilo. Mumeo ndiye aseme, mbele yao, siku ya kwanza.

Safari ya watoto wadogo nayo inataka maandalizi, maana nusu ya ugomvi wako wa mwaka jana naona ulitoka barabarani. Usichanganye maziwa nyumbani ukayabeba siku nzima. Beba maji ya moto kwenye chupa ya chai na maziwa ya unga, uchanganye mtoto anapotaka. Nunua pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki duka la dawa kabla hamjaondoka, na ukiona mtoto anaharisha mpe mapema. Zinki anaendelea nayo siku kumi mpaka kumi na nne hata kama tumbo limeshatulia. Akiwa analegea, macho yanaingia ndani au hawezi kunywa, ni hospitali, hakuna cha kusubiri. Beba masweta, usiku mlimani si usiku wa Dar es Salaam. Simu ya mtoto iache nyumbani, bibi asiwe na cha kufungia kabatini.

Na umpigie mama mkwe wewe mwenyewe, si kupitia mwanawe. Muulize kama nyumbani sukari na mchele vipo au mje navyo. Muulize akufundishe mtori wake, kwamba mdogo sasa anakula vizuri na unataka kumpikia huku mjini. Mwambie mkubwa anataka kujua kumwamkia babu kwa Kirombo, amfundishe hapo hapo kwenye simu. Sauti yake ikibadilika utasikia. Mpigie jioni hii, kabla ya saa mbili, maana watu wa mlimani hulala mapema.