Re: Kompyuta inamaliza bando usiku na kujizima yenyewe

Mkuu, umeuliza kama uzime kabisa masasisho ya Windows kwa sababu bando linaisha umelala. Usizime. Mimi niliyazima miezi minane hapa Nkuhungu; siku nilipoyafungulia, kile kiduara kilizunguka toka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, mteja kasimama mlangoni na barua yake ya kuchapa.

Shida yako ni hotspoti. Laptop haijui kuwa intaneti inatoka kwenye simu, inadhani imepata waifai isiyoisha. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, fungua jina la hotspoti yako, washa kitufe cha mtandao unaolipiwa kwa kipimo (metered connection). Kuanzia hapo masasisho mengi hayatashuka bila ruhusa yako. Ila kitufe hicho kinashika jina hilo moja tu. Ukiazima simu ya shemeji, rudia.

Unaweza pia kuyasimamisha hadi wiki 5, halafu uyashushe siku ukiwa kwenye waifai ya ofisi. Chaji betri ijae kwanza, maana umeme ukikatika katikati ya usakinishaji utatafuta fundi.

Kujizima nako, kama ni kule kujiwasha upya ili kumalizia masasisho, kuna dawa: kwenye mipangilio ya masasisho panga saa zako za kazi (active hours), inakubali hadi saa 18 kwa siku, haitajiwasha upya ndani ya muda huo.

Hiyo yako ni Windows 10 au 11? Kama ni 10, msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na hapo ushauri unabadilika.