Safari ya Kings Island na Holiday World na watoto wadogo: wapimeni kimo kwanza

Dada, karibu Columbus, Ohio. Umeuliza kama wiki moja inatosha kuwapeleka watoto wa miaka 2, 4 na 7 Cedar Point, Kings Island na Holiday World, bustani tatu za michezo ya kupanda, kwa gari lenu. Kuendesha mtaendesha, lakini watoto watachoka kabla hawajafaidi. Sisi hupita njia hizo kiangazi na wanetu, na kwa moyo wote nakushauri: Cedar Point iacheni mwaka huu. Iko Sandusky, kaskazini, kando ya Ziwa Erie, na hizo mbili ziko kusini. Tena sifa yake ni rola kosta kubwa (vigari vya reli vinavyopanda na kushuka kwa kasi), na watoto wako wawili wadogo watabaki kuzitazama tu.

Kabla ya kununua tiketi, wasimamishe watoto ukutani, na viatu watakavyovaa, uwapime. Bustani hizi hupanga michezo mingi kwa kimo cha mtoto, hata kama umri wake ni mkubwa. Inchi 36, 40 na 48, yaani kama sentimita 91, 102 na 122, ndivyo vipimo mtakavyokutana navyo sana. The Beast ya Kings Island, rola kosta ya mbao iliyofunguliwa 1979, inataka inchi 48. Huyo wa miaka 7 huenda amefika, huenda bado. Heri alijue hilo sebuleni kuliko kurudishwa baada ya kusimama kwenye foleni juani. Orodha ya vipimo iko kwenye tovuti za bustani zenyewe. Kaeni nayo usiku mmoja, mchague michezo pamoja.

Kings Island iko Mason, kwa barabara kuu ya I-71, saa moja na nusu hivi kutoka kwenu. Fikeni lango likifunguliwa na mwende moja kwa moja Planet Snoopy, eneo la wadogo, kabla halijajaa. Jua likiwa kali pandeni treni ya mvuke. Mtoto wa miaka 2 anaweza kusinzia humo, na nyinyi mnapumzisha miguu. Mkitaka kupanda kitu kikubwa, mwulizeni mhudumu utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda, mwenzake anabaki na watoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Msiunganishe bustani mbili siku zinazofuatana. Shukeni Louisville, Kentucky, saa mbili hivi kwa I-71, mlale na mpumzike siku nzima. Waswahili wako wengi pale, hasa Wakongo, na kama mna ndugu, wapigieni mapema. Watoto wakipata wali na usingizi wa kutosha, siku ya pili ya bustani inakuwa nyingine kabisa.

Holiday World ndiyo ninayoipenda zaidi kwa familia yenye wadogo. Iko Santa Claus, Indiana (ndilo jina la mji). Maegesho ni bure, soda na vinywaji baridi ni bure tangu mwaka 2000, krimu ya kukinga jua ni bure, na tiketi hiyohiyo inawaingiza kwenye bustani ya maji. Kwa watu watano, huo ni unafuu mkubwa. Chukueni nguo za kubadili, na pampasi za kuogelea za mdogo.

Angalieni saa. Santa Claus iko saa moja nyuma ya Louisville. Mkiondoka Louisville saa tatu asubuhi, mtafika huko saa tatu na kitu, na mna muda wa kunywa chai garini. Jioni saa hiyo mnairudisha: mkitoka saa kumi na mbili, mtaingia Louisville baada ya saa mbili usiku. Wavisheni nguo za kulalia kabla ya kuondoka.

Kuhusu viti vya gari, sheria ya Ohio inataka mtoto aliye chini ya miaka 4, au chini ya pauni 40, akae kwenye kiti cha watoto. Wa miaka 7 bado anahitaji kiti cha kumwinua, isipokuwa amefika futi 4 na inchi 9. Simameni kila baada ya saa moja na nusu, hata kama wote wametulia.

Ukishawapima, andika hapa vimo vyao, nikuambie michezo ya kuanzia.