Nilirudi mara tatu, ya tatu ndo iliyokaa

Swali lenu la wiki hii limeuliza, wewe uliyejifungua kwa operesheni ulirudi lini kwenye mazoezi ya nguvu na ulijuaje kama mwili umekubali. Nilianza kujibu kwa simu huku nanyonyesha, nikaandika "mwezi wa saba toka nijifungue", nikafuta, maana huo ni uongo kidogo. Ukweli ni kwamba nilirudi mara tatu, na hizo mbili za kwanza nisingependa mtu anifuate.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini, nacheza netiboli timu ya walimu, namba yangu senta, yani ile namba ya kukimbia uwanja mzima isipokuwa ndani ya maduara ya magoli. Jumamosi za bonanza tunaanzia uwanja wa Nangwanda Sijaona tunakimbia mpaka ufukweni Shangani tunaimba, na kabla ya mimba nilikuwa nafika mpaka Mikindani kwa miguu yangu, kama kilometa 10 hivi, narudi na bajaji. Nawaambia haya ili mjue sikuwa mtu wa kuanza mwanzo. Nilikuwa na kiburi cha mwili, ndo kilichoniponza.

Mtoto alikuja Oktoba. Uchungu usiku kucha, asubuhi njia imegoma, mapigo ya mtoto yakaanza kushuka, wakanikimbiza thieta, sindano ya mgongo, kuanzia kiunoni kushuka chini sina habari, nasikia tu navutwavutwa kama mtu anatafuta funguo kwenye mkoba. Akalia. Nikalia. Basi.

Mama mkwe alikuja kutoka Tandahimba kunilea uzazi, na wanaojua Oktoba kule ni nini watajua amenipenda kiasi gani, maana ndo korosho zimeanza kuanguka na minada imeanza. Alikuja na mambo yake, maji ya moto ya kukanda, kanga ya kufunga tumbo, uji wenye pilipili manga nyingi mpaka pua inafunguka. Nesi alikuwa ameshatuonya wodini kwamba mshono usikandwe na maji ya moto wala usilowekwe, kwa hiyo tukapatana, nakandwa mgongo na miguu, tumbo liachwe. Alikubali ila alinung'unika, "Sasa mwanangu, hilo tumbo litarudi na nini?" Na siku moja nikamsikia anamwambia jirani kwa sauti ya chini kwamba mi sijazaa, nimezalishwa. Iliniuma. Nadhani hapo ndo nilipoanza kutaka kuonyesha watu kwamba nina nguvu zangu.

Wiki mbili akaondoka, korosho hazimsubiri mtu. Wiki ya tatu maji ya bomba yakakata mtaani kwetu, baba wa mtoto yuko safari, nepi zimejaa beseni. Nikajitwisha ndoo.

Na hapa ndo nilipofuta lile jibu la "mwezi wa saba". Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bado ndoo yenyewe, unaichukua chini unainyanyua mpaka kichwani umebana pumzi. Wodini waliniambia nisibebe kitu kizito kuliko mtoto wangu, na mtoto alikuwa na kilo 3 na ushee. Nilibeba ndoo mbili siku hiyo, kesho yake tatu. Ingekuwa jimu mtu ananipa chuma cha kilo 20 wiki ya tatu baada ya kupasuliwa ningemwona mwendawazimu, lakini kwa kuwa ni ndoo hakuna aliyeshtuka, hata mimi. Damu ya uzazi iliyokuwa imeanza kuwa hafifu ikarudi nyekundu siku mbili. Nikajilaza, ikapungua, sikumwambia mtu. Lilikuwa kosa lingine hilo, damu ikirudi nyekundu hivyo unatakiwa urudi kituoni ukaangaliwe, usijipe udaktari kitandani kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo mara ya kwanza kurudi kwenye mazoezi ya nguvu ni hiyo, ila nilikuwa naiita kazi za nyumbani.

Siku ya 42 nikaenda kliniki. Mtoto akapimwa uzito, akapigwa chanjo zake za wiki 6, akalia mpaka akalala. Mimi nesi alifungua kanga akatazama mshono akasema umekauka vizuri mama, hongera, uzazi wa mpango umechagua upi? Simlaumu, foleni ilikuwa mpaka nje. Lakini mi nilitoka pale nimesikia neno moja tu, umekauka. Kichwani kwangu nikatafsiri nimepona.

Tarehe 9 Desemba kukawa na bonanza la Uhuru. Wiki 8 na siku kidogo. Kwenye grupu la timu watu wanachokozana, mmoja akaandika mbona Serena Williams alipasuliwa na alirudi kucheza tenisi. Nikavaa suruali yangu ya kijivu, sidiria mbili, nikamnyonyesha mtoto kwanza, nikaenda. Mbio za kwenda Shangani sikuzimaliza ila nilijikongoja, kwa ndani upande wa kushoto wa mshono kulikuwa kunavuta kama uzi, nikasema ni ugeni tu. Tukaingia uwanjani. Robo ya kwanza, dakika chache tu, mpira umerushwa juu, nikaruka, nikatua, mkojo ukatoka. Sio tone. Suruali ya kijivu mnaijua inavyosema ukweli.

Mwenzetu mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Mkubwa, watoto wanne, alikuja akanifunga kanga yake kiunoni kabla sijajua nifanye nini, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa twende tukanywe maji. Watu walidhani nimeumia kifundo cha mguu na mi nikawaacha wadhani hivyo. Jioni yake nikawa nasikia uzito huku chini, kama kuna kitu kinataka kushuka, nikiketi kinapoa nikisimama kinarudi. Niliogopa sana jamani. Nilikuwa naamini, na wengi huku tunaamini, kwamba aliyezaa kwa kisu chini kwake kuko salama kwa sababu mtoto hakupita. Nani alituambia? Miezi tisa yote ile misuli ya chini ndo iliyokuwa imebeba mzigo, mtoto, maji yake na kondo, na mi nilikaa na uchungu usiku kucha juu yake.

Mama Mkubwa ndo alinipeleka kwa mtu wa mazoezi tiba, fizio, dada mdogo tu kuliko mimi. Nilichojifunza kwa saa moja pale nilitamani ningekijua siku ya 42.

Kwanza aliniuliza umeona bucha kwenye nyama ya ng'ombe ule utando mweupe mgumu ambao kisu kinakwama? Nikasema naujua. Akasema na wewe unao huo, unashika tumbo lako lote, na dokta ili amfikie mtoto alipita kwenye ngozi, mafuta, akaukata huo utando, misuli yenyewe mara nyingi wanaisogeza pembeni hawaikati, halafu mji wa mimba. Ngozi inafunga haraka, ndo unayoiona kwenye kioo. Utando wiki ya 6 umerudisha kama nusu hivi ya nguvu zake, na hata mwezi wa 6 au wa 7 bado hujapata zote. Halafu akaniangalia akasema we ni mtu wa huku, umeona gunia la korosho likishonwa mdomo ghalani? Likikaa chini hata mshono mbovu unaonekana mzima. Subiri makuli walinyanyue.

Sikuwa na la kujibu.

Akanilaza chali, magoti juu, akaniambia nyanyua kichwa kidogo, akaweka vidole juu ya kitovu kwa mlalo. Vilizama vitatu katikati ya misuli. Akasema misuli ya tumbo imeachana, wengi inawatokea wakiwa na mimba, iwe operesheni iwe kawaida, na nyingi inasogeleana yenyewe ukiipa muda na mazoezi sahihi. Zile kupiga tumbo za kulala na kunyanyuka, ambazo nilikuwa nafanya usiku kimyakimya ili kitambi kiishe, akaniambia niziache kwanza, maana nikinyanyuka tumbo langu lilikuwa linasimama katikati kama mgongo wa samaki, na akasema likisimama hivyo ujue zoezi limekuzidi kwa sasa.

Kuhusu Serena sasa, yule aliyetajwa kwenye grupu, maana na mimi nilijitetea naye. Yule alijifungua Septemba 2017 kwa operesheni ya dharura, akapata madonge ya damu kwenye mapafu, akakohoa mpaka mshono wake ukafumuka, akarudishwa thieta, na mwenyewe aliandika kwamba wiki zake 6 za kwanza za umama alizimaliza kitandani. Fainali ya Wimbledon alifika Julai 2018, miezi kumi, akafungwa na Angelique Kerber. Kwenye grupu letu ilibaki fainali tu, ile ya kikohozi iliachwa.

Fizio akaniambia pia kuna mwongozo wataalamu wa viungo wa Uingereza waliuandika 2019, kwamba mama asianze kukimbia kabla ya miezi 3, na hiyo ni kwa aliyejifungua njia yoyote, tena miezi 3 ni chini kabisa, sio tarehe ya kuanza. Nikapiga hesabu, likizo yetu ya uzazi kisheria ni siku 84, yani wiki 12. Kwa hiyo siku ambayo mwili labda ndo unaweza kuanza kujaribu mbio ndo siku naripoti kazini kusimama mbele ya watoto 70 toka asubuhi mpaka mchana. Hilo halikuwa swali lenu lakini nimeliweka.

Mazoezi yenyewe mwanzoni yalinitia aibu kwa udogo wake. Kubana misuli ya chini kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, huku unatoa pumzi, unahesabu, unaachia polepole, mara 10, mara 3 kwa siku. Nilikuwa nafanya nikisahihisha madaftari na hakuna anayejua. Kunyanyua kiuno nikiwa nimelala chali. Kukaa na kusimama kwenye kiti, baadaye skwati, baadaye skwati nimembeba mtoto ambaye naye kila mwezi anaongeza kilo, huyo ndo alikuwa chuma changu. Kuukanda mshono kwa vidole na mafuta ya nazi, maana ulikuwa umefunga kabisa ila umekakamaa na ngozi ya juu yake ganzi. Na kutembea, Shangani maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu, dakika 10, kisha 20, kisha nusu saa, jioni kwa sababu Januari huku joto na unyevu wake ukiwa unanyonyesha unakauka kama papa. Ndoo nilikabidhi. Nilimwambia baba wa mtoto kwamba maji ni ya kwake mpaka nitakapotangaza vinginevyo, akanunua madumu na guta linaleta. Tungeweza kufanya hivyo toka wiki ya tatu.

Mtihani wake wa kurudi mbioni nao ulikuwa wa vitendo. Utembee nusu saa, usimame mguu mmoja sekunde 10, ukimbie palepale uliposimama dakika 1, uruke kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, na katika yote hayo kusiwe na maumivu, mkojo, wala ule uzito. Mwezi wa nne toka nijifungue nikafeli mguu wa kushoto, ruka ya sita tone likatoka. Nililia njiani nikirudi, nilikuwa nimejihakikishia. Mtoto alipofika mwezi wa tano nikafeli tena ila kwa uchovu tu, mtoto alikuwa anaota meno hatulali, na fizio akasema hilo nalo linahesabiwa, mwili usiolala haushoni vizuri. Alipofika mwezi wa sita nikapita. Nikaanza kukimbia dakika 1 natembea 2, kwenye vumbi la uwanja wa shule, wanafunzi wananicheka mwalimu anakimbia anaacha.

Mei, mtoto ana miezi 7 na wiki moja, nikacheza. Mama mkwe alikuwepo, amekaa kwenye ukuta amempakata mjukuu. Nilicheza robo ya kwanza, robo ya pili nikapumzika nikanyonyesha, ya tatu nikaingia, ya nne nikasikia kile kizito kwa mbali sana, kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu, nikanyoosha mkono nikatoka mwenyewe. Tulifungwa kwa magoli mawili na kuna mwenzangu alinuna. Mama mkwe akaniuliza kwa nini nimetoka, wakati anaona nilikuwa namuweza yule binti wa upande wa pili, nikamweleza habari ya gunia. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniambia yeye uzito huo anao toka mtoto wake wa tatu, alidhani ni uzee. Jumanne hii nampeleka kwa yule dada.

Suruali ya kijivu siivai tena uwanjani. Mapaja hayaingii, yale maskwati.