Kubaini, kuhitimisha na kukisia: mnavichanganya kwenye ripoti

Mkuu, umeuliza kama ni sahihi kuandika "takwimu zimehitimisha kwamba wakulima wameacha mtama". Mimi ningeifuta. Takwimu huonyesha, anayehitimisha ni mtu, na atajwe ili tujue wa kumbana.

Kazi yangu hapa Dodoma ni kupitia ripoti za maafisa ugani kabla hazijapanda kwa wakubwa. Kitenzi hiki cha kuhitimisha wanakikwepa, wanapenda "imebainika". Mtu anapita na pikipiki mwezi wa pili, anaona mahindi kushoto na kulia, anaandika: "Imebainika wananchi hawapendi mtama." Alichobaini ni mahindi kando ya barabara, basi. Hilo la kutopenda hakuliona shambani. Kaunganisha moja na jingine kichwani mwake, na huko ndiko kuhitimisha. Angeandika "kutokana na mashamba niliyopita, nahitimisha kwamba...", tungepata pa kumuuliza: mashamba ya ndani je? Na kwelea kwelea, wale ndege wanaokula mtama? Mtama unavumilia ukame wetu kuliko mahindi, Mgogo gani asiyejua? Lakini unataka watu wa kuamia ndege tangu alfajiri. Nyumba ambayo watoto wako shule na vijana wamehamia mjini inaweza kupanda mahindi huku ikiutamani ugali wa mtama.

Waingereza walioanza mpango wa karanga pale Kongwa mwaka 1947 waliona pori kubwa lisilolimwa, wakahitimisha kwamba matrekta yataliweza. Pori lilikuwepo kweli. Ila udongo ule kiangazi hukauka ukawa mgumu ajabu, na mvua zetu ndizo hizi mnazozijua. Mwaka 1951 mpango ukafutwa.

Kukisia ni pale ushahidi haujatosha nawe unajua haujatosha. Si dhambi, ilimradi useme unakisia. Kudokeza ni habari nyingine kabisa, maana anayedokeza ni msemaji na anayeng'amua ni msikilizaji. Mwenyekiti akisema "kikao kijacho njooni mmeshiba", kadokeza. Wewe ukijua hakuna chai, umeng'amua.

Angalizo dogo: kuhitimisha pia ni kumaliza, kama kuhitimisha kikao, na hitima inayosomwa msibani ni ndugu yake. Kwa hiyo ukikusudia lile la kufikiri, kifuatishe "kwamba" au "kuwa". Ukiandika tu "afisa alihitimisha ziara", sisi tunaelewa amepanda pikipiki karudi nyumbani.