Kumtafuta babu aliyekua injinia wa umeme kwenye manowari

Nimeolewa Uingereza huu mwaka wa 14, na babake mamamkwe wangu alikua injinia wa umeme kwenye jeshi la majini la Uingereza. Alifariki kabla sijaingia familia hii. Watoto wangu wakiuliza alikua mtu gani, jibu la bibi yao ni lile lile, "alikua akifanya mambo ya umeme melini", basi. Miaka 2 nimekua nikimtafuta huyu mzee kwenye makaratasi, na haya niliyojifunza nataka yakufae kama na wewe wanao wana damu ya huku.

Anza na mzee alie hai, tafadhali. Mimi nilianza na intaneti nikalipia cheti cha mtu mwengine kabisa, jina lile lile, mji ule ule. Alafu siku moja nikakaa na mamamkwe, chai na kopo la picha za zamani, akanambia babu yake yeye, yaani baba wa huyu injinia, alikua fundi kwenye gati la Portsmouth, mji wa manowari kusini mwa Uingereza. Hilo tu ndo likafungua mlango, manake cheti cha ndoa cha Uingereza kinaandika kazi ya baba wa bwana harusi, kwa hivyo kati ya majina matatu yanayofanana nikajua wetu ni yupi.

Sasa kwenye jeshi lenyewe, hapa ndo watu wengi wanapotea. Kabla ya 1946 hakukua na idara ya umeme peke yake, umeme wa meli ulikua chini ya watu wa topido (yale mabomu yanayopita majini kupiga meli) na chuo chao kilikua HMS Vernon pale Portsmouth, kwa hivyo ukikuta mzee wako yuko na watu wa topido usiseme siye. 1946 ndo idara ya umeme ikaundwa na mafunzo yakaenda HMS Collingwood, mji wa Fareham. Na usidanganywe na hilo neno HMS, lile wanaloweka mbele ya majina ya manowari zao! Vernon na Collingwood miaka ile yalikua majengo ya nchi kavu. Hata ukiona Victory kwenye rekodi za miaka ile, mara nyingi ni kambi ya Portsmouth, sio ile meli ya zamani ya Admirali Nelson. Mume wangu alishawatangazia watoto kwamba babu alisafiri na Victory, ikabidi tuwarekebishe.

Sensa nayo ina shimo kubwa. Ya 1931 iliungua moto, ya 1941 haikufanywa sababu ya vita, na ile orodha ya raia ya tarehe 29 Septemba 1939 haikuandika wanajeshi walioko kazini. Sisi tulimpata mkewe na anuani ya nyumba, yeye hayumo. Kwa hivyo tafuta mke, ndo utajua familia ilikua wapi.

Lakini kilichonitoa machozi ni cheti chake cha utumishi, kile wanachoorodhesha meli na kambi zote. Mwaka 1942 pameandikwa Tana. Mimi mtoto wa Mombasa, Tana naijua ni mto, nikasoma mara mbili mara tatu. Kumbe HMS Tana ilikua kambi yao ya Kilindini! Wajapani walipopiga Colombo na Trincomalee, bandari za Sri Lanka, Aprili 1942, zile manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi chini ya Admirali Somerville zilihamia kwetu.

Nikampigia mamangu usiku ule ule. Akanyamaza, alafu akanambia, "Mwanangu, babu yako alikua kuli Kilindini miaka hiyo hiyo ya vita."

Mzee wa mamamkwe ana cheti chenye mihuri, babu yangu hana hata karatasi moja yenye jina lake. Sasa kila Jumapili namrekodi mama kwa simu, namuuliza pole pole bila kumkata maneno, na jana kanitajia walikokua wakilala makuli na saa ambayo nyapara alikua akija kuwaamsha.