Kuhusu unesi, Makumira na babu yako

Mwanangu,

Huku hatujambo, mvua tu ndiyo imechelewa. Umeniuliza kama uache unesi ukasomee uchungaji kule chuoni Makumira. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimejikuta namuwaza babu yako, mwinjilisti.

Unajua alivyoutumikia mtaa wetu. Alihubiri, alifundisha kipaimara, usiku akaitwa kwa wagonjwa. Meza ya Bwana tu ndiyo alimngoja mchungaji aje kutoka usharikani, kwa kuwa yeye hakubarikiwa kuwa mchungaji. Hilo halikumsumbua. Linaloniuma mimi ni siku ya kuweka wakfu lile kanisa alilolisimamia tangu msingi. Wageni walitajwa mmoja mmoja, hadi aliyetoa rangi. Yeye hakutajwa. Kwenye mnada baada ya ibada akanunua jogoo aliyekosa mnunuzi, akamkabidhi mchungaji kijana aliyetoka chuoni majuzi, huku anacheka. Mimi sikucheka. Hata leo sicheki.

Neema haina ngazi, nimekwambia tangu uko Shule ya Jumapili. Paulo anawaandikia Warumi kuwa karama ni mbalimbali kwa kadiri ya neema tuliyopewa, kisha anawataja pamoja mwenye kufundisha, mwenye kusimamia na mwenye kurehemu. Wewe unayemgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku, nani kasema hiyo si huduma?

Lakini ngoja. Kaka yako angeniuliza, ningemjibu hivyo hivyo? Kanisa letu la Kilutheri, KKKT, lilipokubali mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na mwaka uliofuata wa kwanza wakabarikiwa, nililia jikoni. Mama yako mkubwa alikuwa amesoma theolojia siku nyingi, akaishia kufundisha dini mashuleni, na dayosisi yetu haikuwa na haraka. Sasa mimi nikikwambia unesi unatosha, si nitakuwa nasema yale yale aliyoambiwa yeye? Ila na yeye, watoto aliowafundisha wanamsalimia njiani mpaka leo kwa heshima ambayo maaskofu wengine hawaipati. Ndiyo maana nasema neema haina ngazi, ingawa najua mishahara inazo, na viti vya mbele vinazo.

Sitakuamulia. Ulimi unaniwasha, lakini sitakuamulia. Ukishaamua, mpigie mama yako mkubwa kwanza. Akisikia kwangu atadai nimekushawishi, na ule ugomvi wetu wa Pasaka bado haujaisha.

Mama yako